Ngwara kwenye mahindi Babati: inarudisha udongo kweli, au inakula maji na mbolea?

Kilima_cha_Mbaazi (Babati)

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wanaojua vizuri mazao ya kufunika udongo.

Shamba ni ekari tatu, mteremko wa wastani, udongo mwekundu wa mfinyanzi. Mahindi kila mwaka, mistari michache ina mbaazi. Linalimwa kwa plau ya ng'ombe kila mwanzo wa msimu. Mvua kubwa ikinyesha maji yanatuama dakika chache, halafu yanakimbia na udongo. Mvua ikikatika wiki moja tu mahindi yanakunja majani, na mavuno yanashuka mwaka hadi mwaka. Nafasi ni sm 90 kwa 50, mbegu mbili kwa shimo, DAP ya kupandia, urea ya kukuzia ikipatikana.

Nimeshauriwa kuweka ngwara, ile ya jamii ya kunde inayotambaa, katikati ya mistari. Je, ipandwe lini na mbegu kiasi gani? Haitanyang'anya mahindi maji? Na ni kweli ukipanda ngwara unaachana na urea?

Fundi_Udongo (Arusha)

Mkuu, kabla ya kununua mbegu chukua jembe, chimba shimo la kina cha sm 40 katikati ya mistari, udongo ukiwa na unyevunyevu. Nyoosha ukuta mmoja wa shimo, kisha uchome kwa ncha ya kisu kuanzia juu kwenda chini, kila sm mbili au tatu. Kwa dalili ulizotaja natarajia kisu kitaingia vizuri hadi sm 12 au 15, kitagoma, halafu kitaingia tena kikivuka sm 20 hivi. Hilo ni tabaka gumu, linatokana na plau kupita kina kilekile miaka nenda rudi. Ng'oa na mhindi mmoja uangalie: mizizi ikifika hapo inakata kona na kutambaa kando. Ndiyo maana wiki moja ya jua inakuumiza ilhali kuna maji nusu mita chini ya mmea.

Wengi wanakosea hapa. Mzizi mkuu wa ngwara ukipata njia unashuka mita moja na zaidi, lakini hautoboi tabaka lililoshindiliwa miaka kumi ndani ya msimu mmoja. Ukipanda bila kupasua utakuta nao umepinda. Kwa hiyo pasua kwanza kwa ripa ya maksai (chuma chenye ncha kinachopasua udongo bila kuupindua), mistari ya sm 90, ncha ipite chini ya tabaka, yaani sm 20 hadi 25. Fanya hivyo kiangazi udongo ukiwa mkavu. Ukiwa mbichi ripa inachora mfereji tu, kuta zinajisiliba na hakuna kinachopasuka. Maksai wakishindwa kuzamisha mara moja, pita mara mbili kwenye mstari uleule: sm 12 kwanza, kisha chini zaidi.

Baada ya hapo kazi ya mizizi ni kuzuia ule ufa usijifunge. Mizizi ya ngwara na mbaazi ikioza inaacha vitundu vinavyopitisha maji na hewa, na mizizi ya mahindi ya mwaka unaofuata inafuata njia hizohizo. Plau isirudi. Ukipasua, ukapanda ngwara, halafu ukakatua tena, vitundu vyote vinafungwa na tabaka linaanza upya.

Kuhusu kupanda: mahindi yapande kwenye mstari wa ripa. Ngwara iingie wiki tatu hadi nne baadaye, mara tu baada ya palizi ya kwanza, mahindi yakiwa usawa wa goti. Mstari mmoja katikati ya mistari miwili ya mahindi, sm 50 shimo hadi shimo, mbegu mbili, kina sm 3 hadi 4. Kwa nafasi hiyo ekari ina mashimo kama 9,000, sawa na mbegu 18,000. Kilo moja ya ngwara ina mbegu kama 4,000, hivyo kilo 4.5 zinatosha, na ukinunua 6 utapata za kurudishia mapengo. Jaribu uotaji mapema: mbegu 100 kwenye kitambaa chenye unyevu, siku saba. Zikiota chini ya 80, ongeza kiasi.

Tarehe ina uzito kuliko aina ya mbegu. Ukipanda siku moja na mahindi, ngwara inapanda juu ya mahindi, inayaangusha, na uvunaji unakuwa mateso. Ukichelewa kupita wiki ya sita, inaota kwenye kivuli, inakuwa na shina jembamba refu, na mvua za Mei zinaisha kabla mzizi haujafika chini. Ikifa Juni umepoteza mbegu tu.

Maji: ngwara changa chini ya mahindi inatumia kidogo sana. Inaanza kunywa kwelikweli mahindi yanapokauka, Juni na kuendelea, na yale ni maji ya chini ambayo mhindi umeshayaacha. Huko kwenu msimu mmoja mrefu unafuatwa na kiangazi, kisha mvua za Novemba na Desemba zinajaza tena, kwa hiyo hasara ni ndogo. Sehemu zenye misimu miwili hali ni tofauti: ngwara ikiachwa hadi Septemba, mazao ya vuli yanakuta udongo umekauka, na huko ifyekwe wiki nne kabla ya kupanda. Sehemu kavu, mvua chini ya mm 600 kwa mwaka, weka ngwara mstari mmoja ukiruka mmoja.

Mbaazi usiiache. Ipande siku moja na mahindi kwa sababu inakua polepole miezi miwili ya kwanza, haisumbui. Sifa yake kubwa ni mizizi inayotoa tindikali ya kufungua fosforasi iliyoshikwa na chuma kwenye udongo mwekundu. Udhaifu wake ni kwamba haifuniki ardhi vizuri, na watu hung'oa miti yake kwa kuni. Kata juu ya ardhi, mzizi ubaki.

Marejea_Kusini (Songea)

Naongeza kwenye suala la urea, maana hapa pana ahadi nyingi zisizo na hesabu.

Pima mwenyewe. Tengeneza fremu ya vijiti vinne, mita moja kwa mita moja. Irushe sehemu nne au tano za shamba bila kuchagua palipostawi, fyeka kila kitu cha ngwara ndani yake, pima kwa mizani ya kuning'iniza, tafuta wastani. Tuseme umepata kilo 2 mbichi. Ekari ni kama mita za mraba 4,000, hivyo una tani 8 mbichi. Ikikaushwa inabaki kama sehemu moja ya tano, kilo 1,600. Ngwara iliyokatwa inapoanza kuchanua ina naitrojeni asilimia 2.5 hadi 3 ya uzito mkavu, kwa hiyo ni kilo 40 hadi 48. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23. Hapo mtu anashangilia kwamba amepata mifuko miwili.

Lakini mahindi ya msimu unaofuata huchukua kama sehemu moja ya tano tu ya naitrojeni hiyo, tuseme kilo 8 hadi 10. Nyingine inaingia kwenye mboji na kutoka kidogokidogo miaka inayofuata, na nyingine inapotea kwa mvua au hewani. Kwa hesabu hii mwaka wa kwanza unapunguza urea, huachani nayo. Faida inajengeka kwa kurudia. Anayeacha mbolea zote mwaka wa kwanza huvuna kidogo, akaitukana ngwara, akarudi kwenye plau.

Tena sio naitrojeni yote iliyotoka hewani, sehemu imevutwa kutoka udongoni. Na ukiiacha ikomae uvune mbegu, unaondoka nayo: kilo 400 za ngwara kavu zinabeba kama kilo 15 za naitrojeni. Kula ngwara ni haki yako na soko lake ni zuri, ila amua mapema kipande kipi ni cha chakula na kipi ni cha udongo. Cha udongo kikatwe nusu ya mimea ikiwa imetoa maua. Baada ya hapo shina linakuwa gumu na naitrojeni inahamia kwenye maganda.

Jambo la pili ni fosforasi, na hili naliona limesahaulika karibu kila mahali. Jamii ya kunde haitengenezi fosforasi. Inaihitaji ili vinundu vya mizizi, vile vivimbe vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, vifanye kazi. Ukiona ngwara imedumaa, majani madogo ya kijani kilichokolea, usiilaumu mbegu. DAP uliyoweka kwenye mahindi, mfuko mmoja kwa ekari, inaacha mabaki ya kutosha kwa ngwara. "DAP kidogo" haiachi kitu. Sisi wa kusini wenye udongo wenye tindikali, pH chini ya 5.5, fosfeti ya Minjingu (unga wa mwamba wenye fosforasi) inayeyuka vizuri na inasaidia. Ajabu ni kwamba Minjingu iko mkoani kwenu Manyara, lakini udongo ukiwa na pH 6 na kitu unga huo mbichi unayeyuka polepole mno, hivyo pima pH kwanza. Kituo cha utafiti wa kilimo TARI Mlingano kule Tanga na chuo kikuu cha kilimo SUA Morogoro wanapima udongo.

Tatu, mabua. Majani ya ngwara yakilala peke yake juu ya ardhi yanaoza na kwisha ndani ya wiki chache mvua zikianza, kwa sababu yana naitrojeni nyingi kulinganisha na kaboni. Mabua ya mahindi ni kinyume, kaboni ni mara 60 au zaidi ya naitrojeni. Ukiacha mabua tu, bakteria na kuvu wanaoyaozesha wanachota naitrojeni ya udongo na mahindi machanga yanageuka njano wiki ya tatu. Changanya vyote viwili: mabua yanakaa kama tandazo, ngwara inalisha wadudu wa udongo. Hata hivyo weka naitrojeni mapema, wakati wa kupanda au wiki mbili baadaye, kilo 25 za urea kwa ekari, sm 5 pembeni ya mbegu na ifukiwe. Usisubiri hadi mahindi yafike kifuani.

Mwisho kwa anayefukia badala ya kutandaza, kama tunavyofanya na marejea (mmea wa jamii ya kunde wa kurutubisha udongo) huku: subiri siku 10 hadi 14 kabla ya kupanda. Majani mabichi yaliyofukiwa yanaleta ukungu unaoozesha mbegu, na sota (viwavi wakata miche) hujificha humo.

Busia_Shambani (Busia, Kenya)

Ndugu, nitaje jambo ambalo ngwara haitalimaliza: kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Kama shambani kuna yale maua ya zambarau yanayotokea chini ya mahindi, chaguo bora ni desmodiamu, mmea wa lishe unaotambaa, wa jamii ya kunde. Mizizi yake inatoa kemikali zinazochochea mbegu za kiduha ziote, na nyingine zinazozuia isishike mizizi ya mahindi. Inaota na kufa. Hiyo ni tofauti kubwa na kung'oa kwa mkono, maana mbegu za kiduha hukaa udongoni zaidi ya miaka 10, na kila mwaka wa desmodiamu unapunguza akiba hiyo. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kililifanyia kazi sana pale Mbita, kando ya Ziwa Victoria.

Mbegu ya desmodiamu ni ndogo sana. Kilo moja kwa ekari, ichanganywe na mchanga mkavu, imwagwe kwenye kifereji cha sm 1 au 2 katikati ya mistari ya mahindi, siku ileile. Ukifukia zaidi haitoki. Wiki nane za mwanzo ndizo zinazowashinda watu: inakua polepole, inafanana na magugu, na kibarua anaipalilia yote. Weka kijiti kila mwisho wa mstari, palilia kwa mkono. Ikishashika inadumu miaka, unaikata kama lishe ya ng'ombe wa maziwa. Yenye majani yenye mstari mweupe haivumilii kiangazi kirefu. Yenye majani ya kijani kitupu inavumilia zaidi, na kwa Babati ningechukua hiyo.

Kilima_cha_Mbaazi

Nashukuru sana wakuu. Kiduha hakuna. Nimechimba shimo, kisu kimegoma sm 14. Yamebaki mawili. Moja, mifugo: baada ya mavuno ng'ombe wa kijiji wanaingia kila shamba, itabaki nini? Mbili, ngwara mbili tatu zilizojiotea pembeni nimeng'oa, mizizi ina vivimbe vingi. Ndivyo vinundu hivyo, au ni ugonjwa?

Fundi_Udongo (Arusha)

Naanza na vivimbe. Shika kimoja kwa kucha ukisukume. Kinundu kimeshikamana na mzizi kwa upande mmoja, kinabanduka kirahisi na mzizi unabaki mzima. Uvimbe wa minyoofundo (minyoo midogo mno ya udongoni inayoshambulia mizizi) ni mzizi wenyewe ulionenepa, hautoki bila kuukata. Kisha pasua kinundu kwa kisu. Ndani kikiwa chekundu au waridi, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe bado hakijaanza, kikiwa cha kijani au kahawia kimechoka. Tazama ngwara za wiki sita hadi nane, mchana wa siku yenye unyevu, na chimba kwa jembe, usivute: ukivuta vinundu vinabaki ardhini na utadhani hakuna.

Ikiwa ni minyoofundo, fahamu kwamba ngwara na kunde zinaihifadhi. Kwa mahindi madhara si makubwa, lakini kipande kile usikifanye bustani ya nyanya. Hapo panda marejea, kilo 6 hadi 8 kwa ekari, mistari ya sm 30. Minyoo inaingia kwenye mizizi ya marejea na haizaliani. Punje zake zina sumu, kwa hiyo usilishe mifugo.

Mifugo ndiyo sehemu ngumu, na hakuna mbegu ya kuitatua peke yake. Ngwara ni tamu kwa ng'ombe kuliko chochote kilichobaki kijani mwezi Julai, na wakiingia udongo ukiwa na unyevu wanashindilia tena juu. Kuna njia tatu, na unaweza kuzichanganya.

Ya kwanza ni makubaliano. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na majirani wa pande zote kabla ya kupanda, sio baada ya ng'ombe kuingia. Omba tarehe ya kufungulia malisho, mpeleke hoja kwenye mkutano wa kijiji iwe sheria ndogo. Shamba moja katikati ya mashamba yaliyovunwa halilindiki. Mashamba matano yanayopakana yanalindika.

Ya pili ni kupanda ukingoni mmea ambao ng'ombe hawaupendi ukiwa mbichi. Kanavalia, nayo ya jamii ya kunde, inafaa: inasimama wima, inavumilia ukame, majani yake ng'ombe huyapita. Mistari mitatu au minne kwenye njia za mifugo. Mbegu zake zina sumu, watoto wasizichezee. Mukuna, kunde nyingine ya kufunika ardhi, watu wanaisifu, nami naikubali kwa shamba lililopumzishwa lenye sangari, kilo 15 hadi 20 kwa ekari, inafunika kila kitu. Ndani ya mahindi inatambaa na kukaba, kwa hiyo kama lazima, ipandwe wiki sita baadaye. Kwako sioni haja.

Ya tatu ni kugawana kwa kupanga. Kata ngwara kwa ajili ya ng'ombe wako ukiacha sm 25 hadi 30 za shina, itachipua tena kama bado kuna unyevu. Ianike nusu siku, ichanganye na mabua, maana ikiliwa mbichi nyingi kwa pamoja inajaza tumbo gesi. Kilichochipua usikiguse, hicho ni cha udongo. Wakati wa kuiua mwishoni, kinyume chake: kata usawa wa ardhi, chini ya kovu la jani la kwanza, la sivyo itachipua. Panga kali linatosha, dawa ya magugu haihitajiki. Tandazo lianguke pale pale, usilikusanye mistarini.

Kiasi cha kulenga ni ardhi iliyofunikwa angalau asilimia 30 siku mvua ya kwanza inaponyesha. Pima kwa kamba yenye mafundo 100, ivute kwa mshazari shambani, hesabu mafundo yaliyoangukia juu ya majani au mabua. Mafundo 30 ndiyo mwanzo, 60 ni vizuri. Mchwa watakula sehemu, kwa hiyo Julai anza na nyingi.

Usitegemee kipimo cha maabara cha mboji kubadilika kabla ya miaka mitatu hadi mitano. Tumia vinavyobadilika mapema. Chukua bonge kavu la udongo lenye ukubwa wa kidole gumba, litumbukize taratibu kwenye glasi ya maji: likisambaratika ndani ya dakika moja, ndio huo udongo unaoziba uso wa shamba mvua ikinyesha. Chukua na bonge kutoka ukingoni pasipolimwa, ulinganishe. Kisha kipimo cha maji kuzama: kopo lililofunguka pande zote, kipenyo sm 15, lizamishe sm 5, mimina mililita 450, yaache yazame, kisha mimina tena kiasi hichohicho na uandike dakika za mara hii ya pili. Fanya sehemu tatu shambani na moja ukingoni, sasa kabla ya ripa, halafu kila mwaka wakati uleule. Dakika za shambani zinapaswa kusogea karibu na za ukingoni. Zisiposogea mwaka wa pili, chimba shimo tena uangalie sm 14: ama ripa haikufika chini, ama mtu amepitisha plau.

Mwaka wa kwanza fanya ekari moja tu kati ya tatu, ile ya juu ya mteremko ambako maji yanaanzia. Ununue mbegu za kahawia za Rongai, zile zenye maua meupe. Zinachelewa kuchanua na kutoa majani mengi. Mbegu ya kupandia mwaka ujao ivunwe kwenye mstari mmoja wa pembeni, ikaushwe hadi ilie ukiitikisa, ichanganywe na majivu kwenye dumu lililojaa hadi mdomoni na kufungwa vizuri, la sivyo wadudu wataibungua yote kabla ya Novemba.